Bila Jembe Hakuna Barafu

Drusilla, mjane wa Okemwa, hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Kericho kutafuta kazi, na kurudi. Hata hivyo mwaka wa 1968 alitupeleka sisi wanawake wa Sironga, na baadaye wanaume wetu, hadi mwisho wa dunia upande wa kusini, mahali ambapo bahari yenyewe huganda hata mtu akaikanyaga. Alikuwa akitufikisha huko mchana na kuturudisha jioni tukakamue ng'ombe. Ninayaandika haya kwa shukrani, na pia kwa sababu wajukuu wangu wanadhani kwamba kabla ya televisheni sisi tulikuwa tunakaa tu tunatazamana.

Nianze na mguu wake, maana bila mguu ule hakuna la kusimulia. Akiwa mtoto alianguka kutoka ghalani, nyonga ikaunga vibaya, na tangu hapo akawa anatembea akiinamia upande mmoja. Baba yake, mtu wa kupima mambo, aliona kwamba binti wa namna hiyo hataolewa upesi wala hatalima sana, basi akamwacha shuleni kwa wamisheni muda mrefu kuliko wasichana wengine. Ndivyo Drusilla alivyojua kusoma Kiingereza wakati wenzake walikuwa wanajua kubeba kuni.

Akapata kazi Kericho, nyumbani kwa meneja mmoja wa mashamba ya chai. Hakuajiriwa kufua wala kupika. Aliajiriwa kumsomea mama mzazi wa meneja, ajuza ambaye macho yalikuwa yamekwisha nguvu. Na ajuza huyo, aliyekuwa akikaa barazani na blanketi magotini, hakutaka kusomewa kitu kingine ila safari za barafuni: meli zinazokwama, watu wanaopotea kwenye weupe, mbwa wanaovuta mizigo. Kulikuwa na riwaya moja aliyoipenda kupita zote. Drusilla aliisoma ikaisha, akaambiwa aanze tena, mpaka akaweza kuisema akiwa amefumba macho.

Siku moja alimwuliza ajuza kama mwandishi wa kitabu kile alirudi kwao salama. Ajuza alicheka sana. Akamwambia mwandishi hakuwahi kwenda popote. Alikuwa karani wa duka la nguo katika mji wa mvua, na barafu yote ile aliiona kichwani mwake, jioni, akiwa anaota moto. Drusilla aliniambia kwamba kwanza alikasirika, kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Kisha akafikiri tena.

"Nikajiambia, kama yeye alifika bila kwenda, basi hata mimi ninaweza kufika."

Okemwa alimwoa hukohuko Kericho. Alikuwa mwanamume mpole ambaye hakuujali mguu, na kwa hilo pekee mimi namheshimu. Walirudi Sironga kwenye ardhi ya ukoo, wakajenga, wakapata mabinti wawili. Halafu homa ya mapafu ikamchukua kabla hajalima hata nusu ya shamba lake. Alimwachia mkewe mteremko uliojaa sangari, ile nyasi ambayo ukikata mzizi mmoja inaota miwili.

Miaka hiyo chai ilikuwa inaingia kwa wakulima wadogo. Bwana shamba alipita kwetu akatuambia miche italetwa na lori mvua za Machi zikianza. Mwenye shamba safi na mashimo yaliyochimbwa kwa mstari wa kamba atapewa yake. Ambaye hayuko tayari, miche yake itakwenda kwa mwingine. Drusilla aliandikisha jina lake bila kujua nani atachimba.

Shemeji yake, Angwenyi, naye alikuwa amesema lake mbele ya ukoo. "Ardhi hailali. Mvua ikikuta shamba la ndugu yangu lingali pori, nitaingiza ng'ombe wangu humo, na ng'ombe wangu wakiingia hawatoki." Hakuwa mtu mbaya kwa maelezo yake mwenyewe. Sijakutana bado na mtu mbaya kwa maelezo yake mwenyewe.

Sasa, kwetu mtu aliyeelemewa na kazi huita risaga. Anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima mpaka alasiri, kisha wanakunywa. Hakuna anayelipwa na hakuna anayeona ameonewa. Lakini Drusilla alikuwa Msabato, na Msabato hapiki pombe wala haigusi. Wasabato wenzake walikuwa na njia yao ya kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Hiyo nayo ilimshinda kwa ajili ya mguu, maana angelimiwa na watu wengi halafu ashindwe kurudisha zamu hata moja. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alijua hivyo kuliko sisi.

Siku aliyotuita alipika uji wa wimbi. Tulikwenda wanawake watatu. Wa kwanza ni mimi, Bochaberi, mke wa Makori, niliyekuwa nimeolewa boma la jirani mwaka huohuo na bado nilikuwa natafuta sababu ya kutoka machoni mwa mama mkwe wangu. Wa pili alikuwa Nyangate, Mkatoliki, aliyekuwa akiuza ndizi katika soko la Daraja Mbili na kupenda pombe yake bila kuficha. Yeye alikuja kwa udadisi tu, kuona kama kweli kuna mtu anaita watu kulima kwa uji. Wa tatu alikuwa Orpah, mke wa Angwenyi mwenyewe, aliyepitia nyuma ya migomba ili mumewe asimwone.

Tulichimba kidogo, tukanung'unika sana. Alasiri mbingu ikafungwa na mvua ya mawe ikatuangukia. Tulikimbilia chini ya paa la nyumba ya Drusilla, tukasimama tumebanana ukutani, na uwanja mzima ukawa mweupe. Nyangate aliokota punje moja, akaitia mdomoni, akaitema.

"Kuna nchi ambayo hii haiyeyuki," Drusilla akasema. "Inaanguka, na ya kesho inaangukia juu yake, na ya mwaka ujao juu yake tena, mpaka inakuwa ndefu kuliko mlima wa Manga. Watu walikwenda huko na meli."

"Kufanya nini?" Nyangate akauliza.

"Kukanyaga mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga."

"Hawakuwa na mashamba?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Alitusimulia meli ilivyong'oa nanga, na nahodha aliyekuwa mkali na mwenye kikohozi, na jinsi siku moja baharia aliyekuwa juu ya mlingoti aliona weupe mbele, akadhani ni mawingu. Mvua ilikatika. Mawe yakaanza kuwa maji miguuni mwetu. Drusilla akanyamaza hapohapo.

"Na meli je?" Nyangate akasema.

"Meli iko. Njoo kesho na jembe."

Ndipo ilipozaliwa ile kanuni yake: bila jembe hakuna barafu. Alikuwa akikaa juu ya kiti kidogo katikati ya shamba, mguu mbovu ameunyoosha, akifunga kamba za kupimia mashimo, na sauti yake ilikuwa ikifika umbali wa mistari michache tu. Ukitaka kusikia, ulipaswa kuchimba karibu naye. Ukiinuka kupumzika, naye alikuwa anapumzika. Nimewahi kusimamiwa na wanyapara wa kila namna maishani mwangu, na hakuna aliyenifanyisha kazi kama mwanamke yule aliyekaa.

Tulianza watatu, tukawa saba, tukawa hatuhesabiki bila kusimama. Orpah aliacha kupitia migombani akawa anapita njiani kama mtu. Wanaume walikuja kwanza kuwaita wake zao, wakabaki. Majina ya Kizungu yalitushinda, kwa hiyo nahodha tukamwita Omogaka, yaani mzee, na baharia mrefu mwenye maneno machache tukampa jina la naibu wa chifu wetu, ambaye alikuwa hivyohivyo na hakupendezwa.

Kazi kubwa ya Drusilla ilikuwa kuyaleta mambo ya kule yakae machoni petu. Meli ilipokwama kwenye barafu, alisema ilikwama kama lori kwenye barabara ya Nyamira mwezi wa Aprili, ila matope haya yalikuwa yanasogea na kubana, mpaka mbavu za meli zikalia usiku kucha kabla ya kuvunjika. Alitueleza ndege wasioruka, wanaotembea wima wakiwa wamevaa makoti meusi na mashati meupe, na Wasabato wote wakageuka kumtazama shemasi wao. Chakula kilipokwisha, mabaharia walikula mbwa wao. Hapo majembe yalisimama kabisa. Mmoja akasema Mambo ya Walawi hayaruhusu. Mwingine akasema Walawi hawakufika huko. Tulibishana juu ya mbwa wale mpaka uji ukapoa.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona theluji. Mpaka leo mimi sijaiona. Lakini nilijua namna inavyolia chini ya kiatu, kwa sababu Drusilla alitukanyagishia mkaa uliosagika tusikie.

Habari zikamfikia Obadiah, mzee wa kanisa. Obadiah alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, asiyecheka, ambaye aliamini kwamba vitabu vya hadithi ni mlango wa nyuma wa shetani, na aliwahi kumfukuzisha mtu kwaya kwa kosa dogo kuliko hilo. Mwanawe Onsongo alikuwa ameondoka kwa ndege kwenda kusoma Urusi mwaka wa uhuru. Mwanzoni alikuwa akiandika barua, kisha kimya, na Obadiah hakupenda kuulizwa. Kanisa zima lilijua kwamba Obadiah akilipeleka jina la Drusilla mbele ya baraza la kanisa, Wasabato wataondoka shambani siku hiyohiyo, na nusu ya majembe yatakwenda nao.

Alikuja siku moja ya kazi, Biblia kwapani, akasimama mwanzo wa mistari. Drusilla alikuwa katikati ya upepo mkali wa hadithi, hema la mabaharia limechanika. Akanyamaza. Tulingoja. Obadiah naye alingoja, na alikuwa mtu anayejua kungoja. Mwishowe Drusilla akasema kwa heshima zote, "Mzee, hapa bila jembe hakuna barafu."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Obadiah alikuwa ameweka Biblia juu ya kisiki na kulikunja koti lake. Akachukua jembe la akiba, akamsogelea, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Drusilla akamjibu kwa sauti ya chini vilevile. Kisha akaanza kuchimba mstari ulio karibu naye kuliko wetu wote, na hema likaendelea kuchanika.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Maswali yake yalikuwa mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wanavaa nini miguuni? Vidole vikiganda, vinarudi? Mtu akilala kwenye baridi hiyo, anajua kwamba analala? Sisi tulisema anakusanya ushahidi. Nilimwambia Drusilla ajihadhari, akaniambia kuuliza si ujinga.

Swali lake moja lilitufanya tusahau hata hofu. Drusilla alikuwa ametueleza kwamba kule kuna miezi ambayo jua halitui, linazunguka tu pembeni mwa mbingu. Obadiah aliegemea jembe. "Ijumaa jua lisipotua," akasema, "Sabato inaingia saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, wala karani wa duka la nguo. Wengine walisema mtu atumie saa ya mkononi. Wengine wakasema saa si amri ya Mungu, jua ndilo, kwa hiyo ikishaingia Sabato inakaa mpaka jua litakapotua, baada ya miezi. Nyangate akauliza kama ni kweli kuna kanisa ambalo mtu anapumzika nusu mwaka, maana yeye atabatizwa leo. Obadiah alitoa sauti fulani puani. Mpaka leo Orpah anaapa kwamba kilikuwa kicheko.

Sabato iliyofuata, Obadiah alisimama kuomba. Aliombea wagonjwa, mvua na serikali. Halafu akasema, "Na ndugu zetu walio barafuni, Bwana, ambao meli yao imevunjika. Wape joto." Kanisa zima likaitikia amina. Mimi pia niliitikia, na nilimaanisha.

Ni Angwenyi aliyeharibu. Alikuwa ameona mteremko unavyobadilika, sangari inatoweka na mashimo yanajipanga, na siku za ng'ombe wake kuingia zinapungua. Akaenda kumwuliza mwalimu mmoja wa shule, akaambiwa kwamba safari za namna hiyo hutungwa. Jumapili baraza la kanisa likaitwa, na Obadiah ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nasi wachimbaji tulijaa nje, Nyangate akiwa mbele kabisa ingawa lile halikuwa kanisa lake.

"Watu hao hawajawahi kuzaliwa," Angwenyi akasema. "Ni maneno ya kitabu. Mwanamke huyu amelifanya kanisa liombee vivuli ili achimbiwe shamba bure. Ninaomba jina lake lifutwe."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Orpah. Kama jina lingefutwa, tungebaki wachache, na mawingu ya Machi yalikuwa tayari yanakusanyika upande wa Ziwa.

Obadiah alimgeukia Drusilla. "Mama, ulituambia kwamba watu hawa waliishi?"

"La, mzee. Siku ile uliposhika jembe uliniuliza. Nikakuambia ni hadithi, ya karani mmoja aliyekuwa akiota moto kwao."

"Ni kweli," Obadiah akaliambia baraza. "Aliniambia."

Angwenyi alikodoa macho. "Basi ulikuwa unaomba nini, mzee?"

Obadiah alivua miwani, akaishika mkononi, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Nina mtoto katika nchi ya barafu," akasema. "Mnajua. Mmekuwa na adabu ya kutoniuliza. Miaka hii yote nimemwombea kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa sioni ninakopeleka maneno yangu. Sijui baridi. Sijui mtu anavaa nini huko, anakanyaga nini, upepo unasikika vipi. Nilikuwa nikifumba macho naona giza tu. Nilikwenda shambani kwa huyu mama ili nimkataze. Nikasikia upepo ule, nikasema, huko ndiko mwanangu alipo." Akapumua. "Kama nimewaombea watu wasiokuwapo, Mungu anajua kuyapeleka maombi panapohusika. Mimi namshukuru mama huyu. Ndilo neno langu. Mwenye neno jingine aseme."

Jina halikufutwa. Angwenyi alitazama kofia yake. Tulipotoka, shemasi aliyefananishwa na wale ndege alikuwa wa kwanza kuuliza kesho wanaanza saa ngapi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio, na hapo ndipo shida mpya ilipoanza, maana shimo la mwisho lilikuwa linakaribia, na pamoja nalo mwisho wa hadithi. Kwa mila ya risaga, kazi ikiisha mwenye shamba hutoa chungu cha pombe. Drusilla hakuwa na chungu kingine. Alikuwa na ule mwisho tu, na kila mmoja wetu alikuwa anauhesabu kuwa wake.

Asubuhi ya siku ya shimo la mwisho nilimkuta kisimani amekaa kando ya debe lake tupu.

"Bochaberi," akasema, "wanakufa wote."

Nilikaa chini. Sikuficha machozi, na hakuwa mtu yeyote wa Sironga niliyemlilia.

"Kwenye kitabu wanatembea, wanaona moshi mbali, wanadhani ni watu. Si watu. Wanalala mmoja baada ya mwingine. Nikisema hivyo leo, nimemuua Onsongo mbele ya baba yake. Na nikisema walifika, nitakuwa nimemdanganya mzee aliyesimama kwa ajili yangu akasema sijadanganya." Alitazama maji. "Yule karani hakunifikiria mimi."

Nilimjazia debe lake tukapanda.

Shimo la mwisho lilichimbwa mchana, na Orpah ndiye aliyelichimba, mumewe akitazama kutoka boma lake. Tukakaa sote sehemu ya juu ya shamba, majembe yamelazwa, mistari imenyooka chini yetu hadi mtoni. Ulikuwa mteremko mzuri kuliko yote ya upande ule. Uji ulizunguka. Drusilla alianza. Aliwatoa watu wake hemani, akawafunga vitambaa miguuni, akawaongoza kwenye weupe, Omogaka mbele na kikohozi chake. Walitembea. Wakaona, mbali sana, kitu kama moshi. Sauti yake ikapungua.

"Mama Drusilla," Obadiah akasema kutoka alipokuwa ameketi. "Hapo walipo, wanatembea?"

"Wanatembea, mzee."

"Miguu ingali inawabeba?"

"Ingali."

"Basi tuwaache hapo."

Watu walinong'ona. Nyangate, ambaye hakuwa mtu wa kunong'ona, alisema waziwazi, "Mzee, mimi nimechimba tangu ile siku ya mvua ya mawe. Nataka mwisho wangu."

"Ni wako," Obadiah akamwambia. "Hata mimi najua ni wako. Nakuomba unipe."

Nyangate alimtazama. Nimemwona mwanamke yule sokoni. Hakuwahi kumwongezea mteja hata kidole kimoja cha ndizi. Akachukua kikombe chake cha uji, akakimaliza, akapangusa mdomo.

"Chukua," akasema.

"Mbuya mono," Obadiah akajibu. Alimshukuru kwa Kigusii, kwa sauti ya chini, kama anavyoshukuru mtu aliyepewa ng'ombe.

Obadiah alifariki mwaka wa 1976. Onsongo alikuwa hajarudi, wala hakuna mtu aliyewahi kuleta habari kwamba amekufa. Mjane wa Obadiah aliniambia kwamba tangu mwaka ule wa mashimo mumewe alikuwa akiomba kwa utulivu, akitaja upepo na viatu na moto wa kupikia, kama mtu anayemwona anayemwombea. Drusilla mwenyewe aliwasomesha mabinti wake kwa majani ya chai ile. Ninaposikia watu wakisema hadithi za kutungwa hazilishi mtu, huwa nawaonyesha mteremko.

Lakini nirudi nyuma kwenye habari za miche. Mvua zilifika na lori likafika, likaishusha njiani ikiwa imefungwa kwa magunia mabichi. Ilikuwa lazima iingie ardhini siku hiyohiyo, na Drusilla hakuwa amemwita mtu. Hakuwa na uji, kwa sababu wimbi lilikuwa limekwisha. Alikuwa amepiga goti moja matopeni, yeye na mabinti wake, wakipanda polepole, alipoinua kichwa akatuona tunashuka njia nzima, Obadiah akiwa na gunia begani, Orpah, mimi, shemasi, na Nyangate mbele na jembe lake.

Drusilla alisimama kwa shida, tope hadi kiunoni. "Jamani," akasema, "sina unga. Na hadithi tuliiacha pale njiani, siwezi kuigusa tena. Sina chochote."

Nyangate alimpita bila kusimama, akapiga magoti kwenye shimo la kwanza.

"Nani amekuuliza?" akasema. "Lete miche."